Nataka hisabati iwe kazi yangu ya maisha. Mtu aliyeko Pemba anaanzia wapi?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Wete. Nina shahada ya sayansi na ualimu, hisabati na fizikia, GPA 4.1. Sasa nasomesha hisabati kidato cha tatu na cha nne katika skuli ya serikali huku huku Pemba. Wanafunzi wangu nawapenda na kazi naiheshimu, lakini moyo wangu umekaa pengine. Mwaka wa pili chuoni tulisomeshwa aljebra dhahania, na tangu wakati huo kila nikimaliza kusahihisha madaftari usiku najikuta nimefungua karatasi nathibitisha vitu ambavyo hakuna aliyenituma. Likizo iliyopita karibu yote imeishia kwenye suala moja la namba tasa, mpaka mama akawa ananiuliza kama niko mzima.

Nataka kuwa mtafiti wa hisabati. Nasema mtafiti kwa maana ya mtu anayepata jambo jipya ambalo halikuwa likijulikana. Shida ni kwamba hapa nilipo simjui hata mmoja anayefanya kazi hiyo. Baba yangu ni mtu wa karafuu, upande wa Mtambwe. Nilipomwambia, akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Hesabu si zilikwishamalizwa na wazee wa zamani? Mbili na mbili siku hizi zimekuwa tano?" Nikakosa la kumjibu. Ami yangu wa Unguja anasema nisome mambo ya data, pesa ziko huko.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Je, nimechelewa? Nasikia ukifika miaka 30 kwenye hisabati umekwisha. Masta nisome hapa nchini au nje? Mtu mwenye PhD ya hisabati kutwa nzima anafanya nini hasa? Na utafiti wa kweli unawezekana mtu akiwa visiwani, au lazima ahame? Naomba niambiwe ukweli, mzuri na mchungu.

Mlandege Bima

Waalaykum salaam kaka. Mimi nilisoma hisabati Dar es Salaam, nikaishia kwenye kampuni ya bima hapa mjini. Natafuta riziki kwa nadharia ya uwezekano na takwimu, na sijuti hata kidogo. Ami yako hakukosea. Ukisoma bima na hatari, au sayansi ya data, bado unatumia hisabati kila siku na familia inakuelewa.

Tena siku hizi huhitaji hata kwenda mbali. IIT Madras ya India imefungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, pale Bweleo, na wanasomesha sayansi ya data na akili mnemba mpaka ngazi ya uzamili. Mtu mwenye aljebra na uchambuzi kichwani akiingia darasa kama lile anawaacha wenziwe mbali.

Sikuvunji moyo. Nakwambia tu kwamba njia ya utafiti ni ndefu na katikati yake kuna miaka ambayo kipato ni cha kubahatisha. Wewe ni mtoto wa ngapi? Kama wadogo zako wanakutegemea, lipime na hilo kabla hujaondoka. Wataalamu wenyewe watakuja kukujibu, yuko maalim mmoja wa Konde humu jukwaani ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Mtu wa Konde

Waalaykum salaam warahmatullah. Mdogo wangu, nianze na baba yako, maana swali lake ndilo swali lenyewe, na anastahiki jibu kamili.

Siku akiwa barzani baada ya laasiri, hesabu watu sita, yeye akiwa mmoja wao. Mwambie hivi: katika hawa sita, wawe nani na nani, lazima wapatikane watatu ambao wote wanajuana wao kwa wao, au watatu ambao hakuna hata mmoja anayemjua mwenziwe. Atakataa. Basi mthibitishie. Mtoe baba pembeni. Wamebaki watano, na kila mmoja ama baba anamjua au hamjui. Watu watano ukiwagawa mafungu mawili, fungu moja litakuwa na watatu au zaidi. Tuseme ni fungu la anaowajua. Watazame hao watatu. Kama wamo wawili wanaojuana, hao wawili pamoja na baba wametimia watatu wanaojuana. Kama hamna, basi wao watatu wenyewe ndio wasiojuana. Fungu likiwa la asiowajua, maneno ni yale yale ukiyageuza. Imekwisha, na hukuuliza nani katoka Micheweni na nani Mkoani.

Sasa atauliza, na wakitakiwa wanne badala ya watatu? Hapo panahitajika watu 18, jibu hilo limethibitishwa mwaka 1955. Na wakitakiwa watano? Hapo ndipo umwambie baba ukweli: hakuna binadamu anayejua. Tunajua jibu haliwezi kuwa chini ya 43 wala kuzidi 46, basi. Na usidhani kompyuta itamaliza kazi kwa kujaribu kila kitu. Watu 43 wana jozi 903, kila jozi ama inajuana au haijuani, na idadi ya mipangilio yote ni namba yenye tarakimu 272. Hizo ndizo hesabu zilizokwishamalizwa na wazee.

Suala hili linaitwa namba za Ramsey, na ni jirani wa karibu wa ninachofanya mimi, nadharia ya grafu, yaani michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari. Mwaka 1935 Erdős na Szekeres walionesha kwamba ukitaka kundi la watu k, watu 4 kwa kipeo cha k (yaani nne k zikizidishwa pamoja) wanatosha. Ile 4 ilikaa pale pale, watu wakubwa wakubwa wakiipiga mabega, mpaka 2023. Campos, Griffiths, Morris na Sahasrabudhe ndio walioishusha chini kidogo ya 4. Kidogo sana, lakini miaka 88 ilikuwa imepita. Niliposoma makala yao nilikaa nayo usiku mpaka adhana ya alfajiri, na nikawa nimefurahi kama mtu aliyepata mtoto.

Umeuliza kutwa tunafanya nini. Mara nyingi tumekwama. Unachukua suala dogo lililo ndani ya suala kubwa, unalijaribu kwa grafu ya nukta tano, ya nukta sita, unachora, unafuta. Unaanza kuona kitu kinajirudia. Unaandika kauli: "kila grafu ya aina hii ina sifa hii". Halafu unatafuta mfano wa kuivunja, kwa nia ya kweli ya kuivunja. Ukishindwa kuivunja ndipo unaanza kuithibitisha. Msimamizi wangu wa PhD alikuwa haangalii karatasi nilizomletea. Alinipa chaki nikasimama ubaoni bila daftari na kueleza mstari kwa mstari. Nikifika mahali nikasema "ni wazi kwamba", ananisimamisha: kwa nini ni wazi? Tulikuwa tunaweza kukaa kwenye mstari mmoja huo mpaka jua linatua. Mtu anayesikia hivyo akahisi kuchoka, kazi hii haimfai. Wewe uliyemaliza likizo na namba tasa, nadhani umehisi wivu.

Kuhusu umri. Watu wamelichukua sharti la nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati ambayo hupewa wasiozidi miaka 40, wakaligeuza kuwa sharti la fani nzima. Yitang Zhang alizaliwa China mwaka 1955, akapata PhD Marekani mwaka 1991, akakosa kazi ya chuo kwa miaka. Alifanya kazi mpaka kwenye duka la vyakula, kisha akawa mhadhiri tu New Hampshire. Mwaka 2013 alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazoachana kwa chini ya milioni 70. Kabla yake hakuna aliyeweza kuweka kikomo chochote, hata kiwe kikubwa namna gani. Alikuwa anakaribia miaka 60. Miaka 26 ni umri wa kuanza masta, sio umri wa kuulizia kama umechelewa.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Usichague nchi, wala jina la chuo. Chagua mtu atakayekusimamia na watu utakaokaa nao. Hisabati kwa nje inaonekana ni kazi ya mtu na karatasi yake, na wengi wanaoiacha wanaiacha kwa sababu hawana wa kuwaonesha karatasi hiyo. Abdus Salam wa Pakistan, aliyesoma hisabati Cambridge, alirudi Lahore kufundisha mwaka 1951. Hakupata mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi yake, na mwaka 1954 akarudi Cambridge. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1964 akaanzisha kituo cha utafiti Trieste, Italia, ambacho leo kinaitwa kwa jina lake, ICTP, kusudi msomi wa nchi kama zetu asilazimike kuchagua baina ya nchi yake na fani yake. Nobel ya fizikia aliipata baadaye, 1979. Mimi kile kituo nakihesabu kuwa kazi yake kubwa zaidi, na mwenye kubisha aje tubishane.

Kwa hiyo angalia diploma ya ICTP. Ni ya mwaka mmoja, hisabati imo, ni kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na gharama wanabeba wao. Angalia pia AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanza Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 na sasa iko Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda pia. Mimi nilipita Muizenberg. Jengo lilikuwa hoteli zamani, bahari iko hapo hapo. Kila somo ni wiki tatu, mhadhiri anakuja kutoka popote duniani, analala jengo moja na nyie na anakula meza moja na nyie. Kama hukuelewa kitu asubuhi unamuuliza usiku akiwa na sahani yake ya chakula mkononi. Kwa mtu aliyezoea mhadhiri kuondoka na gari yake kipindi kikimalizika, lile ni jambo la kukubadilisha. Wenzangu walikuwa Wasudani, Wamadagaska, Wanigeria. Baadhi yao mpaka leo ndio ninaoandika nao makala.

Masta ya hapa nchini nayo si ya kudharau. UDSM, chuo kikuu cha Dar es Salaam, wana idara ya siku nyingi, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ni nyumbani kwetu. Lakini kabla hujajisajili, nenda kamtafute utakayefanya naye tasnifu, umuulize mwaka huu anashughulika na suala gani. Kama macho yake yamewaka akaanza kukuchorea, kaa. Kama amekwambia "wewe lete mada yako nitasaini", shukuru kwa adabu uondoke.

Utaambiwa pia ufanye modeli za magonjwa, maana ndizo nyingi katika vyuo vyetu. Zikifanywa vizuri ni kazi ya heshima, na visiwa vilivyopigana na malaria kama hivi vyetu vinazihitaji. Ila kuchukua milinganyo ya mtu mwengine, ukabadilisha kigezo kimoja na jina la ugonjwa, kwangu mimi huo si utafiti. Ingia huko kama maswali ya huko ndiyo yanayokukosesha usingizi.

Jang'ombe Kaskazini

Salaam nyote. Nimemsoma maalim wa Konde neno kwa neno na kwa mengi namuunga mkono, ila niongeze ya upande wetu sisi wanawake, na moja nimpinge.

Mimi ni mtoto wa Jang'ombe, niko Sweden nasoma PhD ya milinganyo tofautishi, nina mtoto mmoja. Maalim anasema usitazame nchi. Mimi nasema itazame, kwa sababu ya mkataba. Hapa mwanafunzi wa PhD ni muajiriwa: ana mshahara, ana likizo, na nilipojifungua nilipata likizo ya uzazi kama mfanyakazi yeyote, na muda wangu wa masomo ukasogezwa mbele. Kwengine unapewa posho tu, ukiumwa au ukizaa shauri yako. Marekani vyuo vingi vinakuchukua moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza mpaka PhD, wanakulipa kwa kusomesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini inaweza kufika miaka mitano au sita. Haya yaulize mapema, tena kwa maandishi. Msimamizi mzuri mwenye mkataba mbaya atakuonea huruma tu, hawezi kukulipia nyumba.

Nilipokuwa skuli sikuwahi kuambiwa kwamba kuna Mtanzania mwanamke aliyefika huko. Yupo: Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alipata PhD yake Berlin mwaka 1986 kwenye mwendo wa vimiminika, wa kwanza katika wanawake wa Tanzania kupata PhD ya hisabati. Na nilipokuwa Dar mwaka 2014 ndipo tuliposikia Maryam Mirzakhani wa Iran amepata nishani ya Fields, mwanamke wa kwanza kuipata. Niliikata picha yake nikaibandika ndani ya kabati. Alikuwa akitandika makaratasi makubwa sakafuni na kuchora, mpaka binti yake mdogo akadhani mama anapaka rangi. Alifariki 2017, ana miaka 40 tu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wangu mimi naye hunikuta chini na makaratasi, na huja kukaa juu yake.

Wanafunzi wako wa kike, kaka, waambie majina haya. Nakuomba sana hilo.

Pale ninapompinga maalim ni kwenye kuchagua mtu kabla ya kusoma sana. Mtu wa Pemba hana wasimamizi kumi mbele yake wa kuwapima macho. Soma kwanza. Makala nyingi mpya za hisabati watu wanaziweka arXiv, hazina ya makala mtandaoni, bure, unazipata hata kwa simu. Chagua moja ndogo unayoweza kuielewa nusu, uisome mpaka uelewe robo tatu, ndipo umuandikie mwandishi swali la maana. Mimi ndivyo nilivyompata wangu.

Mwalimu wa Wete

Wallahi sikutarajia majibu kama haya. Ahsanteni sana wakubwa zangu.

Maalim wa Konde, nilimfanyia baba ule mfano wa watu sita jana jioni barzani. Walikuwa sita kweli, na mzee mmoja alikataa kata kata mpaka tukaanza kuhesabu nani anamjua nani kwa kweli, hapo ukatokea ugomvi kwamba "kujuana" ni kujuana kwa salamu au kwa nyumba. Baba alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza: "Na hiyo ya watano, ukiipata wewe watakulipa?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hata wasipokulipa, si utakuwa umeijua wewe kwanza?" Nimeona ameanza kunielewa.

Kaka wa Mlandege, mimi ni wa kwanza kuzaliwa na wadogo wapo wanne, kwa hiyo ulichosema nimekishika.

Dada, majina yale nimeshayaandika ubaoni.

Limebaki moja tu ambalo maalim hajanijibu: mtu akirudi huku, anaendelea vipi? Na GPA yangu inaniruhusu kuomba kazi chuoni?

Mtu wa Konde

Mpe salamu mzee. Swali lake la mwisho nitalisimulia kwa wanafunzi wangu.

Bi wa Jang'ombe, la mkataba umenishinda, nakubali kabisa. Kwenye la kusoma kwanza tunasema kitu kimoja, wewe umelisema vizuri zaidi.

GPA 4.1 inatosha. Nafasi ya ukufunzi msaidizi kwa kawaida inataka 3.8, ila soma kila tangazo. Faida yake ni kwamba chuo kinakuwa na haja ya wewe usome zaidi. Mbele yake kuna mhadhiri msaidizi ukiwa na masta, mhadhiri ukiwa na PhD, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na kuanzia hapo kupanda ni kwa makala unazochapisha. Baina ya PhD na kazi ya kudumu wengi hupita kwenye postidoki, mikataba ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, leo nchi hii kesho ile. Mimi nilikuwa nayo, nikajifunza mengi, na ndicho kipindi kilichokuwa kigumu zaidi kwa mke wangu.

Ukirudi, adui ni ratiba. Darasa la mwaka wa kwanza limejaa mpaka madirishani, mitihani ya kusahihisha marobota, vikao. Mimi nimeitenga Jumamosi baada ya alfajiri, simu naizima, na nyumbani wanajua. Katikati ya wiki tunakutana kwa video na wenzangu niliosoma nao, kila mmoja analeta alipokwama. ICTP wana utaratibu wa washirika, unabaki na kazi yako nyumbani na wao wanakualika Trieste mara kadhaa ndani ya miaka kadhaa. Kuna pia EAUMP, mtandao wa idara za hisabati za Afrika Mashariki uliopata msaada kutoka Uppsala, Sweden, huko utakutana na vijana wa Makerere na Nairobi walio kama wewe. Na ukiambiwa utafiti haufanyiki nchi za namna yetu, wakumbushe Brazil. Walianzisha taasisi yao, IMPA, Rio de Janeiro, mwaka 1952, nchi ikiwa haina jina kubwa katika hisabati. Mwaka 2014 Artur Avila, aliyesomea PhD hapo hapo, alipata Fields, na Morris niliyemtaja kwenye namba za Ramsey kazi yake iko hapo. Hapa kwetu inawezekana kama tutakuwa watano sita tunaokaa chumba kimoja. Ndiyo maana nimekuandikia marefu hivi, nataka uwe mmoja wao.

Mambo mawili ya kazi yetu uyajue mapema, maana huku hayajulikani vizuri. Katika hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti. Langu linaanza na S, karibu makala zote niko mwisho, na kwenye kupandishwa cheo mjumbe mmoja wa kamati akauliza kwa nini mchango wangu ni mdogo. Ikabidi nipeleke maelezo ya utaratibu wa fani. La pili, jarida zuri la hisabati linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima au zaidi, kwa sababu mhakiki anaukagua uthibitisho mstari kwa mstari. Ukipata barua pepe ya kukusifu, inayoahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili ukishalipa dola, ifute.

Sasa tuanze. Nakupa kazi. Watu wangapi wanatosha ili lazima wapatikane watatu wanaojuana au wanne wasiojuana? Thibitisha kwanza kwamba kumi wanatosha, hiyo utaiweza kwa njia ile ile ya barzani. Kisha onesha kwamba hata tisa wanatosha. Hapo njia ile inakataa, utahitaji kuhesabu kwa namna nyengine, fikiria shufwa na witiri. Halafu nichoree watu wanane ambao hawatoshi. Andika kwa mkono, mstari kwa mstari, bila "ni wazi kwamba", piga picha unitumie ujumbe humu. Sina haraka, chukua muda wako.